Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kompyuta: Deskitopu Iliyojaa Folda

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni katibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, ya wakulima wa parachichi wilayani Rungwe. Ofisi yetu ina kompyuta moja ya mezani yenye Windows 10, nasi tunaoitumia ni watatu: mimi, mhasibu na karani wa mizani. Kila mmoja huhifadhi kazi zake kwenye deskitopu ili azipate upesi, na matokeo yake kioo kimejaa kiasi kwamba nembo ya chama tuliyoiweka nyuma haionekani tena. Afisa ushirika anapofika kutoka halmashauri na kuomba muhtasari wa kikao cha robo mwaka iliyopita, tunaanza kufungua folda moja baada ya nyingine huku mgeni akisubiri. Tufanyeje ili folda za kila siku zipatikane haraka bila kioo kujaa namna hii? Na je, ni kweli kwamba deskitopu iliyojaa huifanya kompyuta iwe nzito? — Katibu, Tukuyu

JIBU: Ndugu Katibu, nianze na swali lako la mwisho. Wingi wa aikoni peke yake hauilemei sana kompyuta. Kinachoilemea ni diski C, yaani ile yenye Windows yenyewe, kukaribia kujaa. Deskitopu nayo ni folda kama folda nyingine, na kwa kawaida imo ndani ya diski C, chini ya jina la mtumiaji aliyeingia. Kwa hiyo video ya mkutano mkuu mnayoiweka pale inakula nafasi ileile ambayo Windows inaihitaji ili ifanye kazi. Lipo pia jambo zito kuliko kasi: siku kompyuta ikigoma na fundi akapiga Windows upya kwa kuifuta diski C, kila kilichokuwa kwenye deskitopu huondoka pamoja nayo, isipokuwa mlikuwa na nakala mahali pengine.

Ndiyo maana ninashauri mtenganishe mambo mawili ambayo ofisi nyingi huyachanganya, yaani mahali nyaraka zinapokaa na mahali zinapofunguliwa. Nyaraka zikae katika folda moja kuu, tuseme “Ofisi”, ndani ya diski D kama kompyuta yenu inayo, na ndani yake muwe na folda chache zilizopewa majina ya kazi: Mizani, Malipo, Vikao, Barua, Ukaguzi. Msizipe majina ya watu, kwa sababu karani huhama, lakini mizani hubaki. Muhtasari wa kikao uanze na mwaka kisha mwezi, kwa mfano “2025-03 Kikao cha Bodi”, nao utajipanga wenyewe kwa mfuatano wa tarehe kila mnapoifungua folda. Hapo hata mgeni asiyeijua ofisi yenu angeweza kuupata.

Tahadhari moja kabla sijaendelea: katika kompyuta nyingi D na C ni sehemu mbili za diski moja, hivyo diski ikifa zinakufa zote mbili. Kuweka nyaraka kwenye D kunawakinga dhidi ya kupigwa Windows na fundi makini, lakini si badala ya kuwa na nakala kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini.

Baada ya hapo, kwenye deskitopu mtaweka njia za mkato tu, zile ambazo wengi huziita shotikati. Njia ya mkato ni faili dogo la kilobaiti chache, lenye alama ya mshale pembeni mwa aikoni, nalo kazi yake ni kuonyesha folda halisi ilipo. Ni kama kibao cha barabarani pale njia panda ya Uyole kinachoelekeza Tukuyu na Kyela: ukiking’oa, Tukuyu inabaki palepale. Vivyo hivyo, ukiifuta njia ya mkato, folda yenyewe na nyaraka zake hazidhuriki.

Kuitengeneza ni rahisi. Fungua diski D, shikilia kitufe cha Alt kwenye kibodi, kisha ivute folda ya Vikao kwa kipanya hadi kwenye deskitopu na uachie kipanya kwanza, ndipo uachie Alt. Asiyependa kuvuta anaweza kuibofya folda kwa kitufe cha kulia, akachagua “Send to” kisha “Desktop”; kwenye Windows 11 hatua hiyo imefichwa nyuma ya “Show more options”. Nasisitiza kitufe cha Alt kwa sababu ukivuta folda kutoka diski D kwenda deskitopu bila kukishikilia, Windows hutengeneza nakala kamili badala ya njia ya mkato. Mtajikuta na folda mbili za Malipo, mhasibu akirekebisha moja na wewe ukichapisha nyingine, na tofauti hiyo mtaigundua mkaguzi akiwa amekwisha kuketi. Katika ofisi za vyama hili ndilo kosa linalogharimu muda mwingi kuliko deskitopu iliyojaa, kwa hiyo kabla ya kufanya lolote angalieni kama mshale upo kwenye aikoni.

Njia za mkato tano au sita zinatosha. Zikizidi hapo mtakuwa mmerudi mlikotoka. Mkitaka zikae kwa mpangilio mnaoutaka, bofyeni kulia mahali patupu kwenye deskitopu, fungueni “View”, ondoeni alama ya vema kwenye “Auto arrange icons”, kisha pangeni kwa mkono: za mhasibu upande mmoja, za mizani upande mwingine. Aikoni pia hubadilishika kupitia “Properties”, ingawa kwangu hilo ni pambo zaidi kuliko msaada. Chenye msaada zaidi kimo katika dirisha hilohilo la “Properties” la njia ya mkato, kwenye nafasi iliyoandikwa “Shortcut key”. Bofya hapo, bonyeza herufi V kisha “OK”, na kuanzia hapo Ctrl, Alt na V kwa pamoja vitafungua folda ya Vikao hata kama una madirisha mengine yaliyofunguka. Chagueni herufi kwa uangalifu, kwa kuwa baadhi ya mchanganyiko huo hutumiwa na Word yenyewe. Ctrl, Alt na M, kwa mfano, huongeza maoni kwenye waraka.

Hata hivyo, kama ningekuwa mezani kwenu, deskitopu nisingeitegemea sana. Ukiwa umefungua Word na Excel, deskitopu iko nyuma yake huioni, na kila mara inabidi ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na D ili kuifikia. Ninapendelea orodha ya “Quick access” inayokaa upande wa kushoto wa dirisha la faili. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na E, bofya kulia folda unayoitaka, kisha chagua “Pin to Quick access”. Faida yake kubwa huonekana wakati wa kuhifadhi kuliko wakati wa kufungua: ukiwa kwenye Word, bonyeza F12, na folda ulizozibandika zitakuwa zinakusubiri kushoto, hivyo waraka unaingia mahali pake tangu siku ya kwanza badala ya kutupwa kwenye deskitopu kwa haraka. Windows hupenda pia kuongeza yenyewe folda ulizozifungua hivi karibuni, jambo linaloichafua orodha. Ingieni kwenye “Options” za dirisha hilo na muondoe alama ya vema kwenye “Show frequently used folders”, ili zibaki zile mlizozichagua ninyi.

Kuna njia nyingine ya Windows 10 ya kuweka folda nzima ya Ofisi kama menyu kwenye upau wa chini, kwa kubofya kulia upau huo na kupitia “Toolbars”. Ni nzuri, lakini msiizoee: Windows 11 haina kitu hicho, na Microsoft ilikwisha kusitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo siku ya kuhama haiko mbali.

Limebaki suala la kuwa watatu. Ni vyema kila mmoja awe na akaunti yake yenye nywila, hasa mhasibu. Mkifanya hivyo, kila akaunti itakuwa na deskitopu yake na orodha yake ya folda zilizobandikwa, na njia ya mkato uliyoiweka kwako haitaonekana kwa karani. Suluhisho lipo: zile zinazowahusu wote ziwekwe ndani ya C:\Users\Public\Desktop, kwa ruhusa ya mwenye akaunti ya msimamizi, nazo zitaonekana kwa kila anayeingia. Ukiandika anwani hiyo juu ya dirisha la faili na kubonyeza Enter, folda hiyo itafunguka, ingawa kwa kawaida imefichwa.

Kuhusu mrundikano uliopo sasa, msijaribu kuupanga wote kwa siku moja. Tengenezeni ndani ya D folda inayoitwa “Za Kupangwa”, hamishieni humo kila kitu kutoka deskitopu, kisha kila mnapohitaji waraka, utoeni humo na kuupeleka kwenye folda inayostahili. Utakaokuwa haujaguswa hadi mkutano mkuu ujao, uamueni hapo.

SWALI: Kamwene, Mshauri. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa. Nilinakili kwenye fleshi folda ya mitihani iliyokuwa kwenye deskitopu ya ofisi ya taaluma, nikasafiri nayo hadi Mafinga kwenye kazi ya kanda. Nilipoichomeka kule, folda iligoma kufunguka na kompyuta ikasema haioni mahali inapoelekeza. Je, fleshi imeharibika? — Mwalimu, Iringa

JIBU: Kamwene, Mwalimu. Fleshi yako ni nzima. Ulichonakili ni njia ya mkato, na folda yenyewe ilibaki Iringa. Ukitaka kubeba nyaraka, kwenye kompyuta ileile ya Iringa bofya kulia njia hiyo ya mkato, chagua “Open file location”, na folda halisi itaonyeshwa. Hiyo ndiyo ya kunakili. Kabla ya kuchomoa fleshi, bofya kulia folda iliyo ndani yake na usome ukubwa wake kwenye “Properties”. Mitihani ya darasa zima haiwezi kuwa kilobaiti mbili.

SWALI: Habari za kazi, Mshauri. Nina steshenari Mwanjelwa, Mbeya. Wateja huleta fleshi nyingi kwa siku, na sasa folda zote kwenye fleshi yangu zimegeuka kuwa njia za mkato ambazo sikuzitengeneza. Nizifute? — Mwenye steshenari, Mwanjelwa

JIBU: Usizifute bado, na kwa vyovyote usizibofye mara mbili. Hicho ni kirusi kinachosafiri kwa fleshi: huzificha folda zako halisi, kisha huweka badala yake njia za mkato zenye majina yaleyale, ili unapozifungua uwe umekiwasha wewe mwenyewe. Utakithibitisha kwa kubofya kulia moja na kusoma “Target” kwenye “Properties”. Njia ya mkato halali ya folda huonyesha anwani ya folda; ukiona hapo cmd.exe au wscript.exe, ambazo ni programu za kuendesha amri, shaka imekwisha.

Kwanza ipime kompyuta nzima kwa programu ya kuzuia virusi, kwa maana ukiisafisha fleshi huku kompyuta ikiwa na kirusi, kitarudi mara tu utakapoichomeka tena. Ile ya Windows yenyewe inafaa, mradi isasishwe. Kisha pima fleshi. Baada ya hapo fungua “Command Prompt”, yaani dirisha la kuandikia amri, na, ikiwa fleshi yako inasomeka kama E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hiyo huondoa hali ya kufichwa na folda zako hujitokeza tena. Zifungue, hakikisha nyaraka zimo, ndipo ufute zile njia za mkato za uongo. Kwa kazi za wateja, usifungulie chochote moja kwa moja kutoka kwenye fleshi zao kabla ya kuzipima. Tengeneza kwenye diski D folda moja iitwayo “Wateja”, ibandike kwenye “Quick access”, na kila siku uwe na folda ndogo ya tarehe ndani yake. Mteja akirudi kesho kutwa kuomba kopi nyingine ya barua yake, utajua pa kuitafuta.