Mwanangu, Tazama Kwanza Nani Analipa

Lubumbashi, Kamalondo

Mama yangu, wewe uliyebeba jina la bibi yako,

Ujumbe wako umefika, pamoja na yale matangazo matatu. Unauliza: kati ya Ujerumani, Kanada na Marekani, uweke wapi mbele katika kutafuta nafasi ya udaktari (PhD, si wa hospitali) wa ujifunzaji wa mashine, yaani kufundisha kompyuta ijifunze kutokana na mifano, maana tarehe za mwisho zinakimbia na huwezi kuandika kote kwa nguvu ileile. Nimeyasoma yote, mdogo wako akinifafanulia Kiingereza kiliponishinda. Ila sikuwa natafuta nchi. Nilikuwa natafuta mstari unaosema nani analipa, kiasi gani, kwa miaka mingapi, na nani ametia sahihi.

Utasema Baba ameanza tena mambo yake ya uhasibu. Nimeanza, ndiyo. Pesa isiyo na karatasi si pesa. Nililisema miaka yote nilipokuwa reli, na nyinyi mmelisikia mezani tangu mkiwa wa kubebwa.

Tangazo la Ujerumani limenipendeza kwa sababu ni tangazo la kazi. Halisemi utasaidiwa, linasema utaajiriwa: ngazi ya mshahara E13, mkataba, bima ya afya, makato ya pensheni. Angalia tu ile asilimia. Kule mwanafunzi wa udaktari anaweza kupewa 65 au 75 au 100 ya mshahara huo, na tofauti yake ni kodi ya nyumba. Lako limeandika 100, miaka mitatu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mtu anayekaa usiku kucha akifundisha kompyuta kusikia sauti za watu anafanya kazi, na mwenye kazi anaandikiwa mkataba.

Wewe shangazi yako umemjua akiwa mwalimu wa hesabu Likasi, mkali, anasahihisha madaftari hata siku ya Noeli. Mimi nilimjua mwaka 1990, ana barua ya kukubaliwa katika chuo kimoja cha Ubelgiji kufanya udaktari wa hesabu. Barua ya kweli, yenye muhuri. Ila ile barua ilisema nafasi ipo, haikusema pesa ipo. Pesa ilikuwa itoke katika ofisi moja ya huku kwetu, sitaitaja. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Bwana mmoja mwenye tai akatupokea vizuri sana, akatupa viti, akamwita shangazi yako "profesa," akasema, "Bursi yako iko, dosie imepita, subirini tu." Bursi, yaani fedha za kusomeshwa, na dosie, yaani faili lake la maombi. Tulirudi nyumbani tunacheka barabara nzima. Bibi yako akauza vitenge vyake vizuri, vile alivyokuwa akivaa kwenye harusi tu, wakanunua koti la baridi na sanduku. Lile la kijani mnamowekea mablanketi.

Halafu ukaja mwezi wa tano. Usiku wa tarehe 11 wanafunzi wakashambuliwa mabwenini katika chuo chetu hapa. Ubelgiji ikadai uchunguzi, Rais wetu Mobutu akakasirika, ushirikiano wa nchi hizo mbili ukasimama. Tuliporudi kule ofisini bwana alikuwa yuleyule na viti vilevile, ila sasa dosie haikumbuki. Haikumbuki! Shangazi yako akamwomba karatasi yoyote, hata nakala, inayoonyesha kwamba bursi ilikubaliwa, ili amwandikie profesa wa kule amtafutie njia nyingine. Hakuna. Haikuwahi kuwepo. Tangu mwanzo tulikuwa tumepewa maneno na viti. Mpaka leo nikipita karibu na lile jengo navuka barabara, natembea upande wa pili.

Mama yako anasema namwonea yule bwana. Pengine. Nchi zikishagombana, karani mmoja angefanya nini? Labda hata bursi yenye sahihi ingekwama mwaka ule. Nawe utaniambia karatasi nayo inachanika, kwa sababu mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipokata fedha za utafiti, vyuo kadhaa vilipunguza nafasi za udaktari, na kuna waliofutiwa barua walizokwisha kupewa. Ni kweli, na nimelifikiria sana. Lakini aliyefutiwa barua anayo barua. Anaweza kuipeleka kwa profesa mwingine na kusema: hawa walinikubali, walikuwa wanilipe kiasi hiki, kosa halikuwa langu. Shangazi yako hakuwa na cha kumwonyesha mtu. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata safari yenyewe kufa.

Kwa hiyo Marekani sikufungii mlango. Utaratibu wao ni mzuri ukiandikwa wote: ada inasamehewa, unalipwa posho kwa kufundisha wanafunzi wa chini au kwa kufanya kazi katika mradi wa profesa, na mara nyingi hawadai uwe na masta. Wakikukubali na kukupa fedha, vyuo vingi vimeahidiana kumwachia mwanafunzi hadi tarehe 15 Aprili ajibu. Basi asikutokee mtu mwezi wa pili akakuambia jibu kesho au nafasi imekwenda. Kitu cha kuuliza ni kimoja: posho yako inatoka katika mradi wa profesa au katika idara? Mradi ukiisha kabla yako, nani anaendelea?

Kuhusu ada ya kutuma maombi, mjomba wako alituletea kijana mmoja wa mjini anayesema ukimpa dola mia tatu atakutengenezea dosie na nafasi atakupatia. Nimemsindikiza hadi barabarani kwa heshima. Vyuo vya Marekani vinatoza ada hiyo, ndiyo, lakini analipwa mwenye chuo, na vingi vinasamehe ukiomba kwa maandishi. Ile nafasi ya Ujerumani haidai hata senti. Anayetaka kukuajiri hakutozi pesa.

Jambo jingine dogo, ila limewaangusha vijana wengi wa hapa. Distinction ya kwetu, yaani daraja la mwanafunzi mzuri, inaanzia 70 kwa mia. Profesa wa mbali, ambaye kwao mwanafunzi mzuri anapata 90, akiona sabini na kitu anadhani wewe ni mtu wa katikati, na karatasi yako inawekwa kando. Omba chuo kiambatishe maelezo ya namna alama zinavyotolewa huku, na anayekuandikia barua ya kukupendekeza aandike ulikuwa wa ngapi katika promosheni yenu, yaani kati ya wote mliomaliza pamoja. Usione haya kulidai. Si majivuno.

Sasa Montréal. Najua ndiko moyo uliko, hukuandika lakini nimekuona. Mila, ile taasisi yao ya utafiti wa akili ya kompyuta, ni jina kubwa, ilianzishwa na Yoshua Bengio mwaka 1993, yule aliyepewa tuzo ya Turing ya mwaka 2018, tuzo kubwa ya watu wa kompyuta, pamoja na wenzake Hinton na LeCun. Na Kifaransa ulichopigiwa fimbo hapa kitakusaidia, kwa kuwa Université de Montréal inafundisha kwa Kifaransa. Ila tangazo lao limenikera. Posho imetajwa juu, ada haikutajwa popote, na mwanafunzi wa kigeni Kanada anaweza kutakiwa kutoa ada katika posho ileile. Kinachobaki ni kiasi gani? Halafu viza. Mwaka 2018 NeurIPS, mkutano mkubwa wa watafiti wa fani yako, ulifanyika Montréal hiyohiyo, na watafiti wengi wa Afrika waliokuwa wamealikwa walinyimwa viza. Wewe ulinifurahisha uliponiambia kwamba mwaka 2023 ICLR, mkutano mwingine mkubwa wa fani hiyo, ilikuja Kigali, hapo ulipo, watu wakaingia kwa miguu yao. Usisahau hilo unapopanga. Na uulize pia habari ya mashine zenyewe: maabara ina GPU za kutosha, zile chipu za kompyuta za kufanyia hesabu nzito, au mwanafunzi mpya anapanga foleni nyuma ya wote? Utafiti wako hauendi kwa daftari na kalamu kama wa shangazi yako.

Unataka nitaje nchi. Ninayo moja mdomoni na mama yako ameshachoka kuisikia kila nikikaa mbele ya bukari, ugali wetu. Sitaiandika. Nikiiandika utaifuata, nakujua, halafu siku ya baridi kali utakuwa unavumilia uamuzi wangu badala ya wako. Lakini kusema tu kwamba karatasi ya Ujerumani ndiyo safi kuliko zote si kukuamulia, ni hesabu, mtu yeyote ataiona.

Tena ngoja. Yule profesa mwenye tangazo la Montréal ndiye anayeshughulika na sauti za lugha zenye maandishi machache, na wewe unataka mashine ielewe Kiswahili kinachosemwa hapa Kamalondo, si kile cha redio tu. Ukiniambia habari zake kwenye simu unasema haraka, unasahau hata kuuliza kama tumekula. Hilo sikuona safu ya kuliandika. Nimejaribu kulipunguza, halipungui.

Basi mwandikie wiki hii. Muulize posho inayobaki baada ya ada, miaka mingapi, inatoka mfuko gani, na fedha za mradi zikikatika nani anaendelea kukulipa. Usikubali ajibu kwa simu. Akijibu kwa maandishi, nitumie kabla hujasema ndiyo wala hapana, kwa sababu pesa isiyo na karatasi, unajua mwenyewe. Nitaipeleka Likasi pia. Shangazi yako ameomba aisome mwenyewe, na Kiingereza chake kinazidi cha mdogo wako.

Mama yako anakusalimu, anasema piga Jumapili baada ya misa.

Baba yako