Muulize Fundi: Taa ya Upepo Inanikonyeza

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Gungu, Kigoma. Gari langu ni Nissan X-Trail ya 2015, limetoka Uingereza. Lilipofika, viti vya nyuma vilikuwa vimelazwa na juu yake kuna seti nzima ya magurudumu ya ziada: rimu nne za chuma zenye tairi za meno mengi, na ubavuni pamechorwa mlima wenye theluji ndani yake. Nikafurahi, nikajua nimepewa bakshishi. Tairi zilizokuja mguuni zilipokwisha kwa safari za Uvinza, nikafunga hizi. Siku hiyohiyo ikawaka taa ya njano kwenye dashibodi, ile yenye umbo la kiatu cha farasi na alama ya mshangao katikati. Kila nikiwasha gari inakonyeza kama dakika nzima, halafu inatulia, inabaki imewaka mpaka nifike niendako. Fundi wa kwanza alijaza upepo mpaka 45, haikuzima. Wa pili anasema atafungua dashibodi aiue taa yenyewe. Wa tatu anataka hela akaniletee sensa nne kutoka Dar. Mke wangu anasema tuuze gari. Nifanyeje?*

*Mwalimu, Gungu*

Marahaba mwalimu. Mwambie shemeji atulie, gari ni zima.

Umefanya jambo moja la maana sana: umeandika kwamba taa inakonyeza kwanza ndipo inatulia. Wengi huniandikia tu "taa imewaka", nami nabaki kupiga ramli. Taa hiyo ina namna mbili za kuwaka. Ikiwaka na kubaki vilevile bila kukonyeza, kuna tairi iliyopungua upepo, tena imepungua vya kutosha. Ikikonyeza dakika moja au zaidi kidogo kisha ikatulia, mfumo wenyewe ndio una shida, na mara nyingi shida ni kwamba haupati habari kutoka kwenye magurudumu. Yako ni hiyo ya pili.

Kwa hiyo upepo wa 45 ni kazi bure, na ni hatari juu yake. Kautoe leo, tairi zikiwa zimepoa. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo: kuna kibandiko chenye saizi ya tairi na upepo wake. Kikisema 230 kPa, hiyo ni PSI 33 hivi (PSI ndicho kipimo cha ile 45 yako). Kikisema bar 2.3, ni kitu kilekile. Tairi iliyojazwa 45 inakanyaga kwa katikati tu, inalika katikati, na ukiingia kwenye barabara ya vumbi gari linadunda badala ya kushika chini. Hapo ndipo ukifunga breki unashangaa mbona halisimami.

Sasa taa. Kwenye gari kama lako kila gurudumu lina sensa yake, imefungwa ndani ya rimu kwenye shina la valvu. Ni kidude chenye kipimo cha upepo, redio ndogo na betri. Gari likisimama muda mrefu inalala; likianza kutembea inaamka na kutuma habari kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari: mimi ni namba fulani, upepo wangu ni kiasi fulani. Wewe ni mwalimu, utanielewa nikisema ni kama kuita mahudhurio. Kontroli boksi lina majina manne kwenye daftari, linaita, na siku ile uliyobadilisha magurudumu hakuna hata mmoja aliyeitikia. Rimu zako za chuma hazina sensa ndani, au zina sensa ambazo majina yake hayamo daftarini.

Huko lilikotoka hili ni jambo la kila mwaka. Nchi za baridi watu wengi wana seti mbili: za kiangazi na za majira ya baridi, na wanabadilisha baridi ikiingia. Mwenye kubana matumizi hanunui sensa za seti ya pili, anavumilia taa miezi michache mpaka arudishe zile za kwanza. Mwenye gari lako wa zamani inaelekea alikuwa wa kundi hilo. Uingereza kwenyewe taa hiyo ikikutwa inaonyesha hitilafu, gari lililoanza kutumika 2012 na kuendelea linafelishwa kwenye ukaguzi wa mwaka, kwa hiyo nadhani alikuwa anajua kuzipanga tarehe zake.

Mafundi wetu wengi hawaijui taa hii, na siwalaumu. Magari tuliyoyazoea yanatoka Japani, na Japani sheria hailazimishi magari madogo kuwa na mfumo huu. Marekani ndiyo iliyoanza: mwaka 2000, baada ya ajali nyingi za Ford Explorer zilizokuwa na tairi za Firestone, bunge lao lilipitisha sheria, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya likawa linatoka kiwandani na mfumo huo. Ulaya walifuata, na tangu Novemba 2014 kila gari jipya linalouzwa huko linao. Lako la 2015 limeingia humohumo.

Swali langu kwako sasa ni kubwa kuliko lako: rimu zako za zamani ziko wapi? Umeandika ulivyofunga hizi, hukuandika zile umeziacha kwa nani. Sensa zako zimo humo. Kama ziko kwa fundi wa pancha, zifuate kabla hajampa mtu mwingine au kuzibandua kwa mtaimbo upande wa valvu. Mtaimbo ukiingia pale, sensa inavunjika kama haikuwahi kuwapo, na atakuapia kwamba aliikuta hivyo.

Namna ya kuitambua bila kufungua tairi ni hii. Shika valvu kwa vidole. Ikiwa ni ya chuma na pale inapotokea kwenye rimu kuna nati ndogo, karibu kila mara ndani kuna sensa. Ikiwa ni ya mpira mfupi mweusi wa kupinda, kwa kawaida hakuna, ingawa zipo sensa za kampuni nyingine zilizokaa kwenye valvu ya mpira, kwa hiyo usiape. Na kifuniko cha valvu kiwe cha plastiki. Watu wanapenda vile vya chuma vinavyong'aa, kumbe shina la sensa ni la aluminiamu, na chuma kingine kikikaa juu yake na unyevu wa ziwa vinashikana kwa kutu. Siku unataka kujaza upepo, unakizungusha, kinatoka na shina lote.

Ushauri wangu: tafuta tairi nne nzuri za kawaida, zifungwe kwenye rimu zako za zamani, na hizo za chuma uzitoe. Sisemi hivyo kwa ajili ya taa peke yake. Hata kama taa isingewaka, ningekuambia uzitoe. Huo mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na theluji katikati ni alama ya tairi ya baridi kali. Mpira wake ni laini makusudi, ili usigande hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7. Ukiangalia kila jino utaona mikato myembamba ya wembe, hiyo ni ya kung'ata theluji. Kigoma nyuzi 7 utaziona wapi? Kwenye lami ya kwenda Kasulu saa saba mchana mpira ule unalegea, mikato inachezacheza, gari linakuwa zito kwenye kona, linachelewa kusimama, na tairi inaisha haraka. Kwenye tope la masika kidogo zinasaidia, sikatai, ila tairi ya tope ya kawaida inafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kisha tazama umri. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. 3614 maana yake wiki ya 36 ya mwaka 2014. Kama seti hiyo ilinunuliwa gari likiwa jipya, meno yanaweza kuwa yamejaa na mpira ukawa mzee. Kunja jino kwa kidole; ukiona nyufa ndogondogo chini yake, usimpe hata jirani.

Ukisharudisha rimu zenye sensa, usitegemee taa izime palepale ukiwa umesimama. Endesha kama robo saa kwa mwendo wa kawaida, sensa ziamke ziitikie. Majina yao bado yamo daftarini, kwa hiyo kwa kawaida huhitaji mashine. Ila nikuonye: betri ya sensa haibadilishwi, imefunikwa humohumo ndani, na umri wake huwa kati ya miaka mitano na kumi. Zako zimeshakula chumvi. Kwa hiyo kabla tairi mpya hazijafungwa, mtafute fundi mwenye mashine ya kusoma sensa za upepo azijaribu. Aliyekufa atajulikana tairi ikiwa bado iko chini.

Huyo wa tatu, wa sensa nne, si tapeli lazima, ila muulize mambo mawili. Je, ni za masafa ya 433? Magari ya Ulaya yanatumia megahezi 433, mengi ya Japani na Marekani 315, na ukinunua za 315 gari lako halitazisikia hata uzipake asali ya Tabora. Pili, ana mashine ya kuandikisha namba za sensa mpya kwenye gari? Akisema "zitajijua zenyewe", rudisha hela mfukoni. Gari nyingine zinajifunza zenyewe, nyingine haziwezi.

Wa pili usimruhusu aguse dashibodi. Kuna na ujanja mwingine nimeuona: mtu anafungia sensa zote nne ndani ya bomba la plastiki lililojazwa upepo, analitupa kwenye buti. Taa inazima kabisa. Kisha tairi inapata pancha njiani Malagarasi na gari linakuambia mambo yako safi.

Na kama hela ya tairi haipo mwezi huu? Basi endesha na taa imewaka, nunua geji yako mwenyewe, upime asubuhi kabla ya safari, spea nayo uipime. Ila mwendo uwe wa adabu, na mvua ikinyesha kwenye lami zidisha adabu.

*Fundi, habari za Tabora. Nina Volkswagen Golf iliyotoka Japani. Nimefunga tairi mbili mpya mbele, nyuma nimeacha za zamani. Taa ya upepo imewaka njiani kabla sijafika Kaliua. Nimepima zote nne, ziko sawa. Fundi amefungua tairi moja kutafuta sensa, hakuikuta. Imeibiwa?*

*Mfanyabiashara, Urambo*

Haijaibiwa, ndugu yangu, haikuwapo. Golf nyingi hazina sensa ndani ya gurudumu. Zinatumia sensa za ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kugoma ukifunga breki, zilizopo kwenye kitovu cha gurudumu, zinahesabu mizunguko. Tairi iliyopungua upepo inakuwa fupi kidogo, kwa hiyo inazunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake, na gari linashtuka. Wewe umeweka mbili ndefu mbele na mbili zilizolika nyuma. Gari bado linalinganisha na hesabu za zamani.

Jaza upepo wa kwenye kibandiko zikiwa zimepoa, kisha washa swichi gari likiwa limesimama, ubonyeze kitufe cha SET na kukishikilia mpaka lilie. Kwenye matoleo mengine kitufe kiko karibu na gia, mengine ndani ya kisanduku mbele ya abiria, mengine iko kwenye menyu ya skrini. Ufanye hivyo kila ukibadilisha au kuhamisha tairi. Ila usibonyeze kabla ya kupima: ukibonyeza na tairi moja imelala, gari linajifunza kwamba kulala ndiyo kawaida.

Fundi aliyefungua tairi arudishie mpira wake vizuri bila kukulipisha.

*Shikamoo. Toyota langu lilitoka Marekani. Hapa Kasulu taa inawaka alfajiri, jua likipanda inazima yenyewe. Nimeambiwa ni waya.*

*Mama wa duka, Kasulu*

Marahaba mama. Waya haujui saa. Kila joto likishuka nyuzi 10, tairi inapoteza kama PSI moja na nusu hadi mbili. Kasulu asubuhi ya Juni unaijua mwenyewe. Mchana hewa inatanuka, upepo unapanda juu ya kikomo, taa inazima. Yaani tairi yako moja inaishi mpakani siku zote, na kwa gari la Marekani mpaka huo uko robo nzima chini ya upepo unaotakiwa. Haijakusingizia.

Jaza alfajiri, kabla gari halijatembea, kwa namba ya kwenye kibandiko. Mchana geji ikionyesha zaidi, usitoe hata kidogo. Baada ya wiki pima tena alfajiri. Ile iliyoshuka peke yake ina pancha ya pole pole, mara nyingi msumari mdogo au valvu. Ipake maji ya sabuni uone inapotoa mapovu. Na ukienda kuziba, mwambie fundi kuna sensa ndani kabla hajashika mtaimbo, na asimimine dawa ya pancha, maana inaziba kitundu cha sensa.