Maswali ya Wasomaji: Siku Mbili Katika Mji wa Hoi An

SWALI: Mhariri, mwezi Oktoba nitakwenda Da Nang, Vietnam, kikazi, na nitabakiwa na siku mbili. Wenyeji wangu wananihimiza nitembelee Hoi An, bandari ya kale ya wafanyabiashara. Mimi ni mzaliwa wa Lamu. Je, kuna jambo geni nitakaloliona huko? – Msomaji, Lamu.

JIBU: Nenda, ndugu yangu, kwa kuwa wewe utauelewa mji huo upesi kuliko wageni wengi. Kati ya karne ya 15 na ya 19, merikebu za Wachina na Wajapani zilifika Hoi An kwa pepo za kaskazini-mashariki, zikangoja pepo zigeuke ndipo zirejee makwao, kama vyombo vya pwani yetu vilivyofuata kaskazi na kusi. Waliongoja walijenga: Wajapani waliacha daraja lenye paa, lililofunguliwa tena Agosti 2024 baada ya ukarabati mkubwa, na Wachina wakaacha kumbi za jumuiya zao, ukiwemo ule wa watu wa Fujian.

Ukipata nafasi ya nyumba moja tu, ingia ya Tan Ky. Ni nyembamba na ndefu. Mlango wa mbele uko mtaani na wa nyuma unatazama mto Thu Bon, palipopitishiwa shehena. Ukutani wameandika vimo vya mafuriko pamoja na miaka yake, ikiwemo 1964. Simama kando ya alama hizo uzilinganishe na kimo chako, nawe utajua kwa nini safari ya Oktoba inanitia wasiwasi: Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya mafuriko. Ukiweza kuiahirisha hadi kati ya Februari na Aprili, iahirishe. Usipoweza, fuatilia utabiri wa hewa na uombe chumba cha ghorofani.

Mto huohuo ndio ulioihifadhi Hoi An. Katika karne ya 19 mlango wake ulijaa mchanga, biashara ikahamia Da Nang, na nyumba za kale zikabaki bila mtu wa kuzibomoa, hata UNESCO ikauorodhesha mji huo mwaka 1999.

Da Nang iko umbali wa kilomita 30 hivi, lakini lala Hoi An, uamke alfajiri kabla makundi ya watalii hayajaingia. Kama huli nguruwe, uliza kabla ya kuagiza cao lau, tambi mashuhuri za mji huo, kwani kwa kawaida huandaliwa na nyama hiyo.