Barua kwa mwanangu: Dar mpaka Malindi kwa kufuata maji

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Umeuliza mambo mawili: kama siku nne zinatosha kutoka Dar mpaka Malindi kwa Noah ya kaka yako, wewe, mkeo na watoto, watakapofunga shule huko Birmingham, na kama mpite njia ya hifadhi ya Saadani ili msiiache bahari. Siku nne hazitoshi, na Saadani muiache. Chukueni siku kumi na mbili, mtoke Dar Alhamisi tarehe 13 Agosti 2026.

Hesabu yako ya kilomita sina ugomvi nayo. Dar hadi Tanga ni kama 340, Tanga hadi Mombasa 170, Mombasa hadi Malindi 120. Ila safari ya pwani haipangwi kwa kilomita, inapangwa kwa maji. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na ya mwezi mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita nne. Mkifika ufukweni saa isiyo yake, watoto wataona mwani na mawe, na maji yako kule mbali mwambani.

Mwezi unakufa tarehe 12, na Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, unaandama tarehe 14 au 15. Kwa hiyo bamvua itakuwa kuanzia tarehe 13 mpaka 16 hivi. Siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, yakajaa alasiri kuelekea magharibi. Kila siku saa inasogea mbele kama dakika hamsini. Wiki moja baadaye, tarehe 20 na 21, ni maji mafu: hayapwi sana wala hayajai sana, na asubuhi saa nne au saa tano yanakuwa yamejaa, watoto wanaogelea bila kuyafuata. Ndiyo maana nimezipanga tarehe hivi: bamvua iwakute Pangani, maji mafu yawakute Watamu. Saa kamili mtazipata kwenye jedwali la maji la bandari ya Tanga na la Mombasa. Mimi nimekupa za kukadiria.

Tarehe 13 lalieni Bagamoyo. Ni kilomita 70 tu, lakini tokeni Dar saa nne asubuhi, foleni ya Tegeta ikishapungua, ili mpate muda wa magofu ya Kaole kabla ya jioni. Tarehe 14 shikeni lami ya Msata, kilomita 64, kisha Segera hadi Tanga. Saadani nimeikataa kwa sababu ya gari. Noah iko chini, na huko kuna udongo mweusi ambao ukinyeshewa hata mvua ndogo za mchoo unageuka gundi. Tairi inajaa tope, inakuwa laini kama mpira wa kuchezea, na hakuna fundi karibu.

Njia ya Segera ina matuta na vijiji vyenye kibao cha 50, na polisi wa tochi ya kupima mwendo hukaa pale mteremko unapoingia kijijini, mahali ambapo dereva hajioni kama anakimbia. Shuka 50 kabla ya kibao, na usiongeze mwendo mpaka uone kibao cha kumaliza. Ukikamatwa, faini hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, hailipwi mkononi. Mkifika Muheza nunueni machungwa, Agosti yanakuwa bado yapo, na hayo yatawanyamazisha watoto kuliko simu.

Pangani mwende tarehe 15, mkisimama Tongoni kuona makaburi ya nguzo, na tarehe 16 mwende Maziwe. Maziwe ni fungu la mchanga tu: maji yakijaa linazama lote, yakipwa linatokea jeupe katikati ya bahari. Siku hiyo maji yatakuwa yamepwa kwenye saa sita mchana. Mtoke na mashua saa tatu asubuhi, muwe mmeshaondoka funguni saa nane. Msiongeze muda hata watoto wakilia, kwa sababu maji yanarudi na upepo wa kusi unaongezeka alasiri, na kurudi kunakuwa kwa mawimbi. Hakikisheni maboya ya kuvaa ya watoto yapo, na yanawakaa, kabla hamjalipa nauli. Wavalisheni yeboyebo majini. Kwenye miamba kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyama.

Tarehe 17 ni siku ya mpaka, na hapa ndipo wengi hupoteza nusu siku. Horohoro na Lunga Lunga ni kituo kimoja: uhamiaji wa nchi zote mbili wako jengo moja, upande wa nchi mnayoingia. Kwa kuwa nyote mna pasipoti za Uingereza, kila mmoja, pamoja na watoto, aombe kibali cha kielektroniki cha Kenya angalau wiki moja kabla, na mkichape kwenye karatasi. Gari linataka kadi yake halisi, nakala haikubaliwi, na barua ya kaka yako ya kukuruhusu ulivushe, yenye muhuri wa wakili na namba ya chasisi. Angalieni namba hiyo tarakimu kwa tarakimu. Ikitofautiana na kadi hata kwa moja, mtakaa hapo.

Kadi za njano ni mbili, usizichanganye. Moja ni bima ya gari ya COMESA, ambayo kaka yako ataikata kwenye kampuni yake ya bima kabla hamjatoka Dar. Nyingine ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na hiyo mtaulizwa zaidi wakati wa kurudi Tanzania. Chanjo ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya safari. Pesa badilisheni kidogo tu pale mpakani, na hesabu noti zake mwenyewe kabla hujatoa zako. Mifuko ya plastiki ya dukani msibebe hata mmoja. Kenya waliipiga marufuku 2017, sisi 2019. Bebeni vikapu.

Lalieni Diani tarehe 17 na 18. Shimoni na Kisite ziacheni mpaka mje Desemba au Januari, wakati wa kaskazi, maji yanapokuwa mangavu. Agosti mtalipa mashua muone povu.

Kuingia Mombasa tarehe 19, tumieni barabara ya Dongo Kundu badala ya kupanga foleni ya feri ya Likoni. Watoto wakitaka feri, egesheni gari wavuke kwa miguu na kurudi. Waendao kwa miguu hawalipi. Fort Jesus ingieni asubuhi, kwa sababu mchana mawe yale yanarudisha joto. Siku inayofuata pitieni Mtwapa mapema, maana foleni yake haina adabu, kisha Kilifi hadi Watamu. Hapo kaeni usiku tatu. Magofu ya Gede yako karibu, na Malindi ni mwendo wa nusu saa, hakuna haja ya kuhama hoteli. Lamu msiende kwa gari. Njia ya Garsen ina historia ya mashambulizi. Anayeitaka Lamu aende kwa ndege.

Tarehe 23 geuzeni, lalieni Tanga, na 24 mko Dar kabla ya Maulidi.

Sasa gari. Kabla ya safari mwambie kaka yako afungue nati moja ya kila tairi kwa mkono, kwa spana iliyomo ndani ya gari lenyewe. Rimu za kununuliwa mara nyingi zina nati za saizi nyingine, spana ya kiwandani haizishiki, na hilo hugunduliwa Segera kwenye jua. Nati zilizokazwa kwa mashine ya fundi nazo hazilegei kwa nguvu za mtu mmoja. Azikaze upya kwa mkono. Upepo upimwe alfajiri tairi zikiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, cha gari lililojaa. Spea pia ijazwe, kwa maana hiyo ndiyo husahaulika. Viwepo kwenye gari mtungi wa kuzimia moto na pembetatu mbili. Viti vya watoto vya kwenye gari njooni navyo, huku ni vigumu kupata.

Usiku msiendeshe. Huko mmezoea mwanga wa Agosti mpaka saa mbili usiku. Hapa saa kumi na mbili na nusu jioni giza linaingia. Mkiona matawi mabichi yamelazwa barabarani, punguza mwendo hapohapo: mbele kuna lori limeharibika, na huenda halina taa hata moja.

Jambo la mwisho ni malaria. Wajukuu zangu wamezaliwa huko, miili yao haiijui, na kinga yako wewe imekwisha kwa miaka uliyokaa. Muone daktari mwezi mmoja kabla, kwa sababu dawa nyingine huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na nyingine wiki mbili au tatu kabla. Mtoto akipata homa hata baada ya kurudi Birmingham, mwambieni daktari wa huko alikuwa Afrika Mashariki, apimwe siku hiyohiyo.

Nitumie namba za pasipoti na majina kama yalivyoandikwa, nimpelekee kaka yako aanze barua ya wakili. Msalimie mkeo, na wabusu watoto.

Baba yako