Maji yanayochuruzika chini ya tuta la bwawa lako

Ndugu, umesema shamba ulilonunua lina bwawa dogo la tuta la udongo, la kuvulia samaki na kuendeshea mtumbwi, na chini ya tuta pana unyevu usiokauka hata kiangazi. Unyevu peke yake usikutie hofu. Tuta la udongo huvuja kidogo. Cha kuangalia ni rangi. Kinga hayo maji kwenye chupa ya kioo, uyaache yatulie. Yakiwa safi, pima kila wiki yanajaza ndoo kwa muda gani. Yakiacha tope, udongo unaliwa kutoka ndani, na hapo huna wiki za kusubiri: punguza maji ya bwawa, waonye jirani wa bondeni, ita mhandisi wa mabwawa. Punguza polepole lakini, maana maji yakishuka ghafla, upande wa ndani wa tuta huporomoka.

Hiyo miti uliyoisifia juu ya tuta ndiyo inanisumbua zaidi. Mizizi ikioza huacha mifereji. Miti midogo ikate, mikubwa usiing'oe kabla mhandisi hajaiona.

Na ule mkondo wa kumwaga maji ya ziada, uliouziba kwa wavu samaki wasitoroke? Uondoe wavu huo leo. Maji yakipita juu ya tuta la udongo, hulikata. Bwawa la Patel kule Solai, Nakuru, nalo lilikuwa la mtu binafsi. Lilipasuka Mei 2018, watu zaidi ya 40 wakafa.

Kibali cha bwawa unacho?