Kwa mnaoanza kazi za kompyuta: tengenezeni meza kabla shingo haijauma

Wadogo zangu mnaoingia kazi za kuingiza data, kunakili sauti au kujibu wateja mtandaoni, mkuu wa kitengo atawapa nywila, programu na malengo ya siku. Habari ya shingo hamtaisikia kwake, ndiyo maana naiandika hapa.

Tatizo kubwa ni laptopu yenyewe, kwa sababu skrini na kibodi vimeshikana. Ukiiweka chini mikono ikae vizuri, kichwa kinainama; ukiipandisha macho yatazame mbele, mabega yanapanda nayo. Hata kiti cha bei ghali hakiondoi hilo. Dawa ni kuvitenganisha: nunua kibodi na mausi vya kuchomeka, vya kawaida tu, kisha laptopu uipandishe juu ya rimu za karatasi za A4. Rimu moja ina unene wa sentimita 5 hivi. Wengi huhitaji mbili au tatu. Ongeza mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, na skrini iwe umbali wa mkono ulionyooshwa. Anayevaa miwani yenye sehemu ya kusomea chini ashushe kidogo, la sivyo atashinda ameinua kidevu. Viwiko vikae karibu na mbavu, nyayo ziguse sakafu. Kama ofisi imekupa kiti cha plastiki, kunja kanga uishindilie nyuma ya kiuno. Na ukiwa unaandika huku unaongea na mteja, omba vifaa vya masikioni. Simu isibanwe kati ya sikio na bega.

Kisha kuna simu ya mkononi, inayoharibu jioni kile ulichotengeneza mchana. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo nchini Marekani, alikokotoa kwa modeli ya kompyuta mzigo unaoiangukia shingo kichwa kinapoinama: kikiinama nyuzi 15, mzigo ni kilo 12; kikiinama nyuzi 60, ni kilo 27. Hiyo ya mwisho ni zaidi ya nusu mfuko wa saruji, na ndivyo anavyoinama abiria wa daladala aliyeweka simu mapajani. Inua simu hadi usawa wa kifua, kiwiko ukiegemeze juu ya begi.

Hata ukae vizuri namna gani, misuli inachoka kukaa mkao mmoja. Kila nusu saa simama, hata kama ni kwenda kunywa maji. Ukiwa hapo hapo, rudisha kidevu nyuma bila kuinamisha uso, mpaka kidevu cha pili kitokeze. Hesabu hadi 5, achia, rudia mara 10.

Shingo ikishaanza kukaza, nawasihi msiende kwa kinyozi akawashike kidevu na kuizungusha mpaka ilie. Ni nadra, lakini kuzungusha huko kunaweza kuchana mshipa wa damu unaopeleka damu kwenye ubongo. Wala msimeze diklofenaki, ile dawa ya maumivu, wiki hadi wiki. Inaumiza tumbo na figo. Maumivu yakishuka mkononi, vidole vikifa ganzi, au mkono ukianza kuangusha vitu, nenda hospitali wiki hiyo hiyo, umweleze daktari unakaa kwa saa ngapi kwa siku na unakaa vipi.