Anza na kijana mwenye andazi tamu

Umeuliza kama picha za kale zilizochapishwa zinaweza kumfunza mtoto huruma. Zinaweza, ila uzichague. Mimi ningeanza na William Hogarth, mchoraji wa London. Mwaka 1751 alichapisha picha nne kuhusu ukatili, akataka ziuzwe rahisi ili watu wa kawaida wazimudu.

Mwonyeshe ile ya kwanza tu. Tom Nero, mhusika mkuu wa picha hizo, na wavulana wenzake wanatesa wanyama barabarani, mbwa na paka hawana pa kukimbilia. Usimhubirie. Muulize, "Nani hapa anajaribu kuzuia?" Atatafuta mpaka amwone kijana aliyevaa vizuri, analia huku akimpa Tom andazi lake la matunda ili amwachie mbwa. Kisha muulize yeye angetoa nini. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, na huwa marefu kuliko unavyodhani.

Ya nne ifiche kabisa! Tom amenyongwa, madaktari wanampasua, na mbwa anaula moyo wake. Hogarth alitegemea hofu; mtoto wa miaka saba ataishia kukosa usingizi.